Sumni: nusu inayoitwa nane

Mwanafunzi akifungua kamusi husoma kwamba sumni ni nusu shilingi, kisha anaandika daftarini: sumni maana yake nusu. Sivyo. Asili yake ni Kiarabu thumn, sehemu moja ya nane, na mzizi wake ndio ule wa themanini. Nane ya nini, basi?

Pwani ya Afrika Mashariki watu walihesabu kwa riale, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, na thumuni ilikuwa sehemu ya nane ya riale hiyo. Rupia ya India ilipoenea, riale ilikwenda kwa rupia mbili hivi. Thumuni ikawa kama robo rupia. Mwaka 1921 Waingereza walileta shilingi Kenya, Uganda na Tanganyika, shilingi mbili kwa rupia. Robo rupia ikawa senti 50. Unguja shilingi ilifika mwaka 1936 kwa kiwango kingine, shilingi moja na nusu kwa rupia, na hapo hesabu hailingani tena. Jina, hata hivyo, lilibaki palepale.

Mkusanyaji wa sarafu naye ana swali lake: ipi ni ya fedha? Sumni za Mfalme George wa 6 za miaka ya 1937 hadi 1944 zina fedha. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Lakini hata zile za kwanza fedha yake ni robo tu: sarafu ina gramu 3.9, fedha yenyewe haifiki gramu moja. Mwaka ukifutika, soma Kilatini kinachozunguka kichwa cha mfalme. Ukiona IND IMP, yaani mtawala wa India, fedha imo. India ilijitawala mwaka 1947, na sarafu za 1948 hazina tena maneno hayo.

Upande wa simba pameandikwa kwa Kiingereza tu, senti hamsini, nusu shilingi. Neno sumni halikuchongwa humo, lilikaa midomoni. (Faranga 50 ya fedha ya Kongo, yenye tembo, ya mwaka 1944, nayo ina Kifaransa na Kiholanzi peke yake.) Kwa hiyo naona ingizo la kamusi lianze na «sehemu ya nane ya riale», ndipo senti 50 zifuate.