Dondoo Muhimu: Kuijenga Upya Timu ya Besiboli Kwenye Kompyuta
Anayeazimia kuifufua timu dhaifu katika mchezo kama Out of the Park Baseball, ilhali hazina yake ni haba, ayazingatie haya kabla ya kutia sahihi mkataba wowote:

1. Fungu la kuwakuza chipukizi liongeze taratibu, msimu baada ya msimu, wala usilikate kwa ghadhabu ukishindwa mechi kumi mfululizo. Hilo ndilo kosa la wengi.
2. Wasaka vipaji wasinyimwe riziki yao, kwani mkufunzi hamnoi asiye na kipaji.
3. Mrushaji wa miaka 19 usimpandishe daraja kwa pupa.
4. Mkongwe ghali muuze angali na thamani.
5. Subiri: katika besiboli halisi, timu ya Houston Astros ilishindwa mechi 111 mwaka 2013, ikatwaa ubingwa mwaka 2017.