Mstari wa kondensateri: plus ao minus?



Jumamosi iliyopita, ku labo, tulifunga kondensateri ya tantali moja kwa moja kwenye betri ya motokari, volti 12. Ikalia paa! ikawaka, na kipande kikaunguza mkono wa ndugu mmoja wa mwaka wa tatu. Kidonda kinakauka. Mwalimu alikamata ufunguo wa labo. Ataturudishia tukiisha kuwaeleza wote kosa letu. Njo hili.

Kondensateri kubwa, ile ya kikopo, iko na mstari pembeni: unaonyesha mguu wa minus. Lakini kwa tantali, kile kipande cha manjano cha pembe nne, mstari unaonyesha plus! Sisi wakubwa tuliona mstari, tukasema minus, hatukuuliza. Na tantali inatoka katika koltani, mawe ambayo watu wamechimba miaka mingi hapa karibu, Rubaya katika Masisi.

Zile ndogo bapa za kauri hazina plus wala minus. Zinaandikwa tarakimu tatu. 104 si mia moja na nne (hata sisi tulianza hivyo): ni 10 na sifuri 4 nyuma, maana yake pikofaradi 100.000, ao mikrofaradi 0,1.

Hatuna mashine ya kupima kondensateri, lakini saa ya mkono inatosha. Kamata kikopo kilichoandikwa mikrofaradi 100, kifunge na rezistansi ya kiloomu 100 kwa betri ya volti 9. Hesabu sekunde mpaka voltimetri iliyofungwa kwa kikopo ionyeshe 5,7. Tumia voltimetri ya tarakimu. Ile ya mshale inakunywa umeme na kuharibu hesabu. Inapaswa kuwa sekunde 10 hivi. Kimoja chetu kilifanya 11, basi ni mikrofaradi 110, ni kizuri, maana tofauti ya 20 kwa mia inakubaliwa. Kingine kilifanya 4. Kimekauka ndani.

Mbele ya kupima, toa umeme uliobaki. Umeme wa nyumba wa volti 220 ukisha kunyooshwa unaweza kuacha karibu volti 310 ndani ya kikopo cha chaja, hata waya imechomolewa. Mafundi wa barabarani wanagusisha turnevisi, inatoa cheche. Sisi tunatumia rezistansi nene ya kiloomu 10, tunaishika kwa koleo yenye mpini wa plastiki, tunahesabu mpaka kumi, kisha tunapima kama volti zimeisha.

Vilivyokufa viko katika sanduku karibu na dirisha. Msivichukue kwa radio zenu.