Programu ya Bei Ghali: Piga Hesabu ya Miaka Miwili

Mtu akiona programu ya simu inauzwa dola 25 hushtuka na kuipita. Mtu huyohuyo hukubali bila kusita nyingine inayokata dola 5 kila mwezi, kwa kuwa dola 5 haimtishi. Mwaka ukiisha, ile ya pili imeshamla dola 60, na mwezi unaofuata inaendelea kukata. Mimi nashauri woga huo tuugeuze. Bei kubwa inayolipwa mara moja unaiona, unaipima, unaamua. Ya kuogopa ni bei ndogo inayojirudia, maana haifiki siku ukakaa chini na kuiamua upya.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitufe cha kununua, piga hesabu ya miaka miwili. Programu ya shilingi 12,000 kwa mwezi ni shilingi 288,000. Ya shilingi 75,000 inayolipwa mara moja inabaki shilingi 75,000. Ukishapata tarakimu zako, taja kazi ambayo programu hiyo itakufanyia, na uitaje kwa jina: kuhariri video za harusi ninazolipwa, kusomea mtihani wa mwaka wa tatu, kutunza hesabu za duka. Ukijikuta unasema "itanisaidia kujipanga" au "nasikia ni nzuri", bado hujaijua kazi yenyewe, na fedha zako zikae kwanza.

Mfano ninaopenda kuutumia ni Anki, programu ya kukariri kwa kadi. Upande mmoja kuna swali, upande wa pili jibu, na kadi inayokushinda inarudishwa mapema kuliko ile unayoimudu. Wanafunzi wengi wa udaktari duniani wameitegemea. Kwenye kompyuta ni bure. Kwenye Android ipo AnkiDroid, iliyotengenezwa na watu wanaojitolea, nayo ni bure. Kwenye iPhone inauzwa dola 24.99, mara moja tu, na mauzo hayo husaidia kulipia kazi ya kuiendeleza. Mwanafunzi wa Muhimbili au Makerere mwenye iPhone akiitumia miaka mitano, atakuwa ameilipia chini ya nusu dola kwa mwezi. Hapo mimi sioni ughali. Mwenzake mwenye Android hana sababu ya kulipa hata senti, lakini awe macho, kwa sababu zipo programu zenye jina linalokaribiana na hilo ambazo hazina uhusiano wowote nayo na zinadai malipo. Soma jina la mtengenezaji lililo chini ya jina la programu, ulilinganishe na lililo kwenye tovuti rasmi.

Hatua inayorukwa na wengi ni kuitazama simu yenyewe. Watu hulipia programu ya kuskani vyeti na risiti, ilhali iPhone imekuwa ikifanya kazi hiyo ndani ya Notes tangu 2017, na kwenye Android Google Drive inakuskania na kukupa PDF bila malipo. Kamera za simu nyingi za siku hizi zinasoma msimbo wa QR zenyewe. Word na Excel za Microsoft zinakuruhusu kuhariri bure kwenye simu ya kawaida. Snapseed ya Google inasafisha picha, VLC inacheza karibu kila aina ya video, na zote hazikudai chochote.

Kitu cha bure, hata hivyo, kina swali lake: nani analipa? Kuna bure iliyolipiwa na watu wenye nia njema. VLC inaendeshwa na shirika lisilo la faida la Ufaransa. PlantVillage Nuru ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State kwa ushirikiano na FAO na watafiti wa taasisi ya kilimo ya IITA. Mkulima anaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, anaambiwa kama lina dalili za batobato au michirizi ya kahawia, tena inafanya kazi shambani kusipokuwa na mtandao. Madaktari Wasio na Mipaka nao wanatoa miongozo yao ya tiba kama programu ya bure inayosomeka bila intaneti. Kwa mganga wa zahanati au mkulima wa muhogo, hakuna programu ya kulipia ninayoweza kuiweka juu ya hizi, na inaniuma kuona jinsi zisivyojulikana.

Halafu kuna bure unayoilipia bila kujua. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Marekani ilimbana mtengenezaji wa Brightest Flashlight, programu ya tochi iliyopakuliwa mamilioni ya mara, kwa kuwa ilikuwa inawapelekea wengine, wakiwemo wa matangazo, taarifa za mahali alipo mwenye simu. Mwaka 2019 watafiti wa kampuni ya usalama wa mtandao ya Kaspersky walikuta msimbo hatari ndani ya CamScanner ya Android, programu ya kuskani iliyopakuliwa zaidi ya mara milioni 100. Google iliiondoa, ikarudi baada ya kusafishwa. Tabia inayokulinda ni kusoma ruhusa zinazoombwa. Tochi haina haja ya kujua uko wapi. Kikokotoo hakina haja ya orodha ya watu uliowahifadhi kwenye simu.

Hata matangazo yasiyo na hila yana gharama kwa anayenunua bando la siku. Kila video ya tangazo inayojicheza katikati ya mchezo inapakuliwa kwa MB zako. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, uone kila programu imekula kiasi gani kwa mwezi. Ukikuta programu unayoitumia kila siku inakula bando kuliko kazi yake inavyostahili, kulipia toleo lisilo na matangazo kunaweza kuwa nafuu kuliko kubaki na la bure. Watu wachache sana hupiga hesabu hii, nami naamini kwa Afrika Mashariki ndiyo yenye uzito kuliko nyingine zote, kwa sababu sisi bando tunalinunua kwa vipande.

Programu ya kulipia inastahili bei yake zaidi pale inapokuingizia kipato. LumaFusion ya kuhariri video inauzwa karibu dola 30, na programu ya msingi unailipa mara moja. Kijana anayerekodi harusi na kipaimara, asiye na uwezo wa kununua kompyuta nzito, anaweza kuirudisha bei hiyo kwa kazi moja. Kwake hiyo ni kifaa cha kazi sawa na taa na maikrofoni. Kwa anayehariri video za familia mara mbili kwa mwaka, programu za bure zinamtosha kabisa.

Zipo pia zana za taaluma ambazo bei yake inavunja moyo. UpToDate, rejea inayotumiwa na madaktari wengi, hugharimu mamia ya dola kwa mwaka kwa mtu mmoja. Kabla ya kukata tamaa, au kabla ya kutoa fedha, uliza. Mpango wa Better Evidence ulioanzishwa Boston umekuwa ukiwapatia UpToDate bure wahudumu wa afya wanaofanya kazi penye uhaba, na HINARI ya Shirika la Afya Duniani inafungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida mengi ya tiba. Hospitali au chuo chako huenda kimeshasajiliwa na hakuna aliyekuambia. Mkutubi ndiye mtu wa kwanza wa kumwendea. Wanafunzi na walimu wa fani nyingine nao watafute bei ya elimu, kwa sababu kampuni nyingi hupunguza sana au huondoa kabisa malipo ukionyesha barua pepe ya chuo.

Bei kubwa peke yake haithibitishi ubora. Agosti 2008, mwezi mmoja tu baada ya App Store kufunguliwa, iliuzwa humo programu iitwayo I Am Rich kwa dola 999.99. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kito chekundu kwenye kioo. Watu wanane waliinunua kabla Apple haijaiondoa. Angalau ile ilisema wazi kwamba haifanyi kitu.

Hatari zaidi ni zile zinazojificha nyuma ya siku tatu za majaribio ya bure. Machi 2021 kampuni ya Avast ilitangaza kwamba imekuta programu 204 za aina hii kwenye maduka ya Apple na Google: za kubashiri nyota, kuhariri picha, kusoma viganja. Unaingiza kadi ili ujaribu, unasahau, siku ya nne makato yanaanza, mara nyingi kwa wiki. Neno "kwa wiki" likupe hofu. Dola 9 kwa wiki ni dola 468 kwa mwaka, na kwa fedha hiyo unanunua simu nyingine.

Kinga yake ni rahisi: ukianza majaribio, sitisha usajili papo hapo. Mara nyingi utaendelea kuitumia mpaka muda wa majaribio uishe, na ukiipenda utalipa kwa hiari yako. Kuifuta programu kwenye simu hakusitishi makato, na hapa ndipo watu wengi wanaumizwa. Kwenye Android fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia kwenye malipo na usajili, usitishe humo. Kwenye iPhone fungua mipangilio, gusa jina lako, kisha sehemu ya usajili. Ukinunua kitu Play Store kikakukatisha tamaa, omba kurudishiwa fedha ndani ya saa 48 kupitia Google wenyewe. Baada ya hapo utaelekezwa kwa mtengenezaji, na huko majibu hutegemea moyo wake.

Kuhusu njia ya kulipa, epuka kuifunga kadi ya akaunti inayopokea mshahara. Nchini Kenya Play Store inakubali M-Pesa moja kwa moja, na kadi za mtandaoni zinazotolewa na huduma za fedha za simu zinakuwezesha kuweka kiasi unachokusudia kutumia tu. Kumbuka VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, na inaweza kuikuza bei uliyoiona. Kabla ya kulipa ndani ya programu, chungulia pia tovuti ya mtengenezaji. Apple na Google huchukua sehemu ya mauzo, kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 30, na baadhi ya kampuni humpelekea mnunuzi gharama hiyo. YouTube Premium, kwa mfano, imekuwa ghali zaidi ikinunuliwa ndani ya iPhone kuliko kwenye tovuti.

Kuna njia moja ya kukwepa bei ambayo nakusihi uiache: programu za kulipia zilizovunjwa, zinazogawiwa kwenye makundi ya Telegram na WhatsApp au kuwekwa na kijana wa kibandani kwa shilingi elfu mbili. Aliyeivunja ameifungua na kuifunga tena, na hujui ameacha nini ndani. Simu hiyohiyo ndiyo inayopokea namba za siri za benki na kushika fedha zako zote za M-Pesa. Kama bei imekushinda, tumia ya bure yenye uwezo mdogo, au subiri punguzo. Programu nyingi hushushwa bei mwishoni mwa Novemba.

Ukishaamua kununua, hakikisha kwanza akaunti ni yako. Wengi wetu simu zetu zilifunguliwa dukani kwa Gmail iliyobuniwa na muuzaji, na nywila tuliisahau siku ileile. Programu unayoilipia inafungwa kwenye akaunti hiyo, haifungwi kwenye simu. Simu ikiibiwa au ikichoka, akaunti ikiwa haifunguki, unachonunua ni kilekile mara ya pili. Fungua akaunti kwa jina lako, andika nywila kwenye daftari linalokaa nyumbani, weka namba ya laini ambayo huna mpango wa kuiacha. Wenye iPhone waanzishe kundi la familia: programu iliyonunuliwa na mmoja inaweza kutumiwa na watu hadi 6, endapo mtengenezaji ameruhusu. Mwisho angalia tarehe ambayo programu ilisasishwa mara ya mwisho, na kama inakuruhusu kuitoa kazi yako nje kwa PDF au faili la kawaida. Ikiwa haijaguswa kwa miaka miwili, au inaifungia kazi yako ndani, mimi nisingeilipia hata dola moja.