SOMO: SIKIA KWANZA, SEMA BAADAYE



Wahenga walisema: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Tuupime usemi huu kwa mizani ya chama cha msingi cha kahawa.

Mwanachama asimama mkutanoni na kusema: “Tulipeleka kiwandani kilo 1,000 za kahawa ya maganda. Hati yaonyesha kilo 500 za kahawa safi. Nusu imeibwa!” Katibu mwenye hasira hujibu: “Wewe ni mchochezi.” Hapo mkutano huvunjika, swali hubaki bila jibu, na msimu ufuatao kahawa huenda kwa walanguzi.

Katibu mwenye busara husikiliza hadi mwisho, hulirudia swali ili kuhakikisha amelielewa, kisha hufungua vitabu. Ndipo hueleza kwamba kukoboa huondoa maganda, ambayo ni karibu nusu ya uzito. Kwa hiyo kilo 500 si ajabu. Lakini kama hati ingeonyesha kilo 350, swali lingestahili uchunguzi, na aliyemnyamazisha muulizaji angekuwa amemficha mwizi pasipo kujua.

Mwanachama naye ana wajibu. Aombe kuona hati na stakabadhi kabla ya kutamka neno “wizi”, kwani jina la mtu likichafuliwa mkutanoni halisafishwi kwa muhtasari.

Swali la kujadiliana: Katika mkutano wenu uliopita, ni swali gani lililojibiwa kabla halijasikilizwa?