Hakiki Kwanza: Kuichunguza Seva kwa Amri za Maandishi



Tovuti ya jumuiya ikikataa kufunguka, lawama hutangulia: "Mtandao wa chuo umekufa!" Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha kuhakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Mimi ninayeiangalia seva ya jumuiya yetu naiona aya hiyo inatufaa hata mbele ya kompyuta. Fungua terminali ya Linux, tuhakiki kuanzia karibu kwenda mbali.

Kwanza, njia. Andika `ip route`. Mstari unaoanza na `default` una anwani ya ruta yako. Ijaribu kwa `ping`, amri iliyoandikwa na Mike Muuss mwaka 1983: hutuma ujumbe mdogo na kupima muda wa jibu. Ruta ikijibu, jaribu `ping 8.8.8.8`. Nayo ikijibu, intaneti ipo. Lakini kimya si ushahidi kamili, kwani mashine nyingine zimepangwa zisijibu.

Pili, jina. Andika `dig` na jina la tovuti. Usipopata anwani, kasoro iko kwenye mfumo wa majina. Seva yenyewe huenda ni nzima.

Tatu, safari. `traceroute` huorodhesha ruta ambazo ujumbe unapitia, ila zisizojibu huonekana kama nyota tu. Uganda haina bahari, hivyo mawasiliano yetu mengi ya nje hupitia nchi jirani hadi kwenye kebo za pwani. Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini, intaneti ya Afrika Mashariki ilisuasua. Siku kama hizo, seva iliyoko Kampala yaweza kujibu upesi huku ya Ulaya ikichelewa. `traceroute` hukuonyesha ucheleweshaji unapoanzia, ukajua kama mwenye chumba cha mitambo ana kosa au hana.

Nne, ndani. Ingia kwa `ssh`, iliyobuniwa na Tatu Ylönen wa Finland mwaka 1995 baada ya nywila kuibwa kwenye mtandao wa chuo chake. Anza na `df -h`: diski iliyojaa asilimia 100 huangusha huduma nyingi. Kisha `systemctl status nginx`, kama nginx ndiyo inayohudumia tovuti, na `journalctl -u nginx -n 50` usome mistari 50 ya mwisho ya kumbukumbu zake. Soma kabla hujawasha upya. Ukiwasha tu, tovuti huenda ikarudi, ila sababu itabaki palepale na kesho utaamshwa tena. Wala usifute faili usilolijua. Amri ya `rm` haina pipa la taka.

Limebaki jambo zito kuliko amri zote. Mwenye `sudo` anaweza kufungua kila faili, hata orodha ya wenzetu wanaolipiwa karo kwa zaka. Hakuna atakayekuona ukiisoma, na wewe ndiye unayeweza kufuta kumbukumbu za ulichofanya. Ndiyo maana sisi tunaopewa funguo hizi tumebeba amana: tengeneza kilichoharibika, sitiri ulichokiona, kisha andika `exit`.

Wabillahi tawfiq.