Asili ya Wimbo Wetu wa Taifa
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika gazeti letu la shule mara nyingi twasoma habari za michezo, za bustani na za mitihani. Safari hii napenda kueleza habari za wimbo ambao sote twaujua kwa ghibu, lakini ni wachache wanaomjua aliyeutunga. Niliwauliza wenzangu bwenini nani aliyetunga Mungu Ibariki Afrika. Wengine walisema ni Mwalimu Nyerere, wengine wakasema ni wamisionari, na mmoja alishikilia kwamba wimbo huo haukutungwa na mtu, ulikuwako tu. Kumbe mahadhi yake yalitungwa mwaka 1897 na mwalimu wa shule, tena kijana, jina lake Enoch Sontonga.

Bwana Sontonga alikuwa Mxhosa wa Afrika ya Kusini, aliyezaliwa Uitenhage mnamo mwaka 1873. Alifundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg, na alikuwa pia kiongozi wa kwaya. Nyimbo alizozitunga kwa ajili ya wanafunzi wake aliziandika katika daftari la kawaida, kama haya tunayoandikia mazoezi ya hesabu. Mmojawapo ulikuwa Nkosi Sikelel' iAfrika, ubeti mmoja na kiitikio, kwa lugha ya Kixhosa. Uliimbwa hadharani mara ya kwanza mwaka 1899, siku Mchungaji Boweni alipowekwa wakfu.

Sasa yafaa tujiulize: wimbo ulioandikwa katika daftari la mwalimu mmoja ulifikaje mbali namna hii? Kwa maoni yangu siri iko katika namna ulivyoandikwa. Sontonga alitumia solfa, yaani kuandika sauti kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Mtindo huu ulienezwa katika karne ya 19 na mchungaji Mwingereza, John Curwen, na wamisionari wakauleta Afrika. Hauhitaji mistari mitano wala piano. Mwalimu mwenye chaki na ubao aweza kufundisha sauti zote nne, kuanzia ile ya juu kabisa mpaka besi, kwa watoto ambao hawajapata kuona kinanda maishani mwao. Kwaya nyingi za makanisa hapa Dar es Salaam bado hujifunza hivyo hivyo. Viongozi wengine wa kwaya walikuwa wakiliazima daftari la Sontonga ili kunakili nyimbo zake. Liliazimwa na kuazimwa, mwishowe likapotea.

Mwaka ule ule wa 1899, huko Marekani, mtu mweusi mwingine alitoa kazi iliyokuja kuwa maarufu duniani. Huyo ni Scott Joplin, mpiga piano, na kazi yake ni Maple Leaf Rag. Katika muziki ule wa ragtime mkono wa kushoto hushika mapigo sawasawa kama askari waendao gwaride, na mkono wa kulia huyakwepa mapigo hayo na kuyachezea. Ni muziki mtamu, lakini si kwa sababu hiyo ninamtaja. Namtaja kwa sababu tarehe 10 Agosti 1899 Joplin alitia sahihi mkataba na mchapishaji wake, John Stark, apate senti moja kwa kila nakala itakayouzwa. Senti moja si kitu kikubwa, lakini jina la Joplin lilichapwa juu ya kila nakala. Mwalimu wa Nancefield hakuwa na kinga ya namna hiyo.

Wimbo wake uliendelea kusafiri. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube, iliueneza. Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa mjini Bloemfontein katika mkutano wa kuanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC, baada ya sala ya kufunga. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliuimba London ukatiwa katika sahani ya santuri, na Sylvia Colenso akimpigia piano. Mwaka 1925 ANC waliufanya wimbo rasmi wa kufungia mikutano yao, na mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi akauongezea beti saba.

Wako wasemao kwamba Sontonga aliyatoa mahadhi katika Aberystwyth, wimbo wa kanisa wa Joseph Parry wa Wales. Nimezisikiliza zote mbili na sikubali. Ule wa Parry uko katika ngazi ya huzuni, ambayo wanamuziki huiita maina. Wetu uko katika ngazi ya meja, nao hupanda kwa furaha na utulivu.

Kwetu sisi wa Chang'ombe habari hii yapita karibu na mlango. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, katika uwanja ambao leo ni Uwanja wa Uhuru, bendera ya Uingereza iliteremshwa na ya Tanganyika ikapandishwa, na mahadhi ya Sontonga yakawa ya wimbo wa taifa kwa maneno ya Kiswahili. Mwaka 1964 nchi ilipopata jina la Tanzania, neno moja tu lilibadilishwa. Hesabu mwenyewe: Ta-nga-nyi-ka ni silabi nne, na Ta-nza-ni-a ni nne vile vile. Mwaka huo Zambia nayo iliyachukua mahadhi haya kwa maneno mengine. Kwa hiyo timu yetu ya taifa ikicheza na Zambia, sauti ile ile hupigwa mara mbili, na watoto majukwaani hushangaa.

Afrika ya Kusini yenyewe ilingoja mpaka 1994 kuufanya wimbo wa taifa. Mtungaji hakuyaona hayo. Alikufa tarehe 18 Aprili 1905, kabla ya kutimiza miaka 35. Kaburi lake lilitafutwa kwa muda mrefu lisionekane, kwa sababu watu walitafuta jina la Sontonga, kumbe katika orodha ya makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, aliandikwa "Enoch" tu. Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela alizindua mnara wa kumbukumbu hapo. Sisi tulikuwa tumekwisha kuuimba kama wimbo wa taifa kwa miaka 34 na zaidi.