Miwani Imebadilishwa Mara Mbili, Bado Haoni

SWALI: Daktari, mdogo wangu wa kiume ana miaka 23, ni fundi cherehani. Kwa miezi minne sasa macho yanamsumbua. Hayaumi, si mekundu, wala hayatoi machozi. Kutunga uzi kwenye sindano hawezi tena, na juzi kashona sketi ya shule ya kijani kwa uzi wa kahawia, akabisha kuwa uzi ni wa kijani. Tumebadilisha miwani mara mbili, nafuu hakuna. Hospitali wametuambia macho ni mazima. Bosi wake anasema anazembea, shangazi anasema amechezewa. Nifanye nini?
Dada mtu, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Dada, kwanza kabisa, mwaminini huyo kijana. Fundi aliyezoea kazi yake hachanganyi kijani na kahawia kwa uzembe. Habari hiyo ya uzi ndiyo iliyonishtua zaidi katika barua yako, na mkifika kwa daktari itajeni kabla ya lolote jingine. Rangi zikififia, hasa nyekundu na kijani, mara nyingi mwenye shida ni mshipa wa fahamu wa jicho, ule unaopeleka taarifa kwenye ubongo.

Mtoto wa jicho au kovu kwenye kioo cha jicho, daktari huweza kuviona akimulika. Mshipa wa fahamu ukidhurika, jicho linaweza kuonekana safi kabisa siku za mwanzo. Miwani nayo haitasaidia, kwani kazi yake ni kuelekeza vizuri mwanga unaoingia, si kutibu mshipa. Kwa hiyo mliyoambiwa yanaweza kuwa kweli, na mgonjwa bado akawa haoni.

Jiji lenu limewahi kupitia jambo hili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa Dar es Salaam walipokea vijana waliopoteza uwezo wa kuona katikati, macho yote mawili, bila maumivu. Baadhi yao walikuwa na ganzi miguuni, wengine masikio yamepungua usikivu. Walioufuatilia ugonjwa huo walishuku lishe duni, hasa upungufu wa vitamini za kundi B. Nchini Cuba, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ugonjwa unaofanana na huo uliwapata watu zaidi ya 50,000 wakati chakula kilipoadimika.

Kabla hamjarudi hospitali, fanyeni mambo mawili nyumbani. Azibe jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, aangalie kizibo chekundu cha soda, kisha abadilishe jicho. Muulize kama wekundu umepauka, au kama katikati pana doa. Halafu toboa kadi ngumu kwa pini, achungulie kwenye kitundu hicho asome kalenda ya ukutani. Maandishi yakisomeka vizuri zaidi, huenda miwani ndiyo haimfai. Yasipobadilika, shida ina uwezekano mkubwa wa kuwa ndani zaidi. Majaribio haya hayachukui nafasi ya vipimo, ila yatampa daktari pa kuanzia.

Andika pia majibu ya maswali haya. Lilianza jicho lipi, ghafla au polepole? Anakula nini siku ya kawaida? Anavuta sigara, anakunywa pombe ya kienyeji? Ana ganzi au maumivu ya kichwa? Anatumia dawa za kifua kikuu? Miongoni mwa dawa hizo kuna ethambutol, ambayo kwa wachache hudhuru mshipa wa jicho. Kama anazitumia, asiziache kiholela. Aende kliniki leo hii aeleze, wambadilishie. Mwisho, muulize mama kama kuna mjomba aliyepoteza kuona akiwa kijana. Upo ugonjwa wa kurithi uitwao Leber, unaopitia kwa mama na kuwapata zaidi vijana wa kiume.

Ombeni rufaa kwa daktari bingwa wa macho. Kwa Dar es Salaam, hospitali za Muhimbili na CCBRT zina huduma hiyo. Aangaliwe jinsi mboni zinavyojibu mwanga, apimwe rangi na upana wa kuona, awekewe matone ya kupanua mboni ili nyuma ya jicho paonekane. Huenda akahitaji vipimo vya damu, ikiwemo vitamini B12, kaswende na VVU, au picha ya kichwa. Shangazi akitaka kijana aombewe, aombewe, lakini miadi isisogezwe. Mshipa uliokwisha kufa haurudi, na baadhi ya visababishi hivi hutibika vikiwahiwa.

Msisubiri hata siku moja ikiwa uoni utapotea ghafla, jicho litauma analipozungusha, kichwa kitauma pamoja na kutapika, mkono au mguu utalegea, au ameacha kuona baada ya kunywa pombe isiyojulikana ilikotoka.

Fuatana naye chumbani kwa daktari, karatasi yako mkononi. Mkiambiwa tena kwamba macho ni mazima, uliza kwa heshima: "Kama shida haiko kwenye jicho lenyewe, iko wapi, na nani ataipima?" Msiondoke bila jibu la swali hilo au barua ya rufaa.